Kabla Hujaacha Chapati: Mwongozo wa Kupima na Kuishi na Ugonjwa wa Siliaki kwa Mkazi wa Dodoma

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya mtu wa Dodoma, Singida au vijiji vya jirani ambaye tumbo limemsumbua kwa miezi au miaka, amekwisha kumeza dawa za amiba, za taifodi na za vidonda vya tumbo bila kupona, na sasa amesikia mahali kwamba huenda tatizo lake ni ngano. Jambo moja nataka alijue kabla ya mengine yote: asiache kula ngano mpaka atakapopimwa. Mimi niliacha kwanza, nikapima baadaye, na kosa hilo lilinichelewesha karibu mwaka mzima.

Ugonjwa wenyewe

Siliaki ni ugonjwa ambao kinga ya mwili, inapokutana na gluteni, hugeuka na kuushambulia utumbo mwembamba wa mgonjwa mwenyewe. Gluteni ni protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai, nafaka ya nchi za baridi. Ndiyo inayoufanya unga wa ngano uvutike unapokandwa, na ndiyo sababu unga wa mahindi au wa mtama hausukumiki kama chapati. Ukuta wa ndani wa utumbo mwembamba una vijinyama vidogo mno vilivyosimama mithili ya nyuzi za zulia, na kazi yake ni kufyonza chakula. Kwa mgonjwa wa siliaki vijinyama hivyo hufupika, hulala, na hatimaye ukuta hubaki bapa, hivyo mtu hula na kushiba lakini mwili wake haupati madini ya chuma, foliki asidi, kalisi na vitamini kwa kiasi unachohitaji.

Wapo wanaosema kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu na kwamba Mwafrika hana haja ya kuufikiria. Hilo si kweli. Kiwango cha juu kabisa kilichowahi kuripotiwa kwa watoto kilipatikana hapa hapa Afrika, kwa Wasahrawi, watu wenye asili ya Sahara Magharibi, ambao utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta zaidi ya watoto 5 kati ya kila 100 wana ugonjwa huu. Ili mtu augue anahitaji mambo mawili kwa pamoja: vinasaba fulani vya kurithi, vinavyoitwa HLA-DQ2 au HLA-DQ8, na gluteni katika chakula chake. Wazee wetu wa kanda hii waliokula ugali wa uwele na mlenda maisha yao yote walikuwa na gluteni kidogo sana sahanini. Sisi tunaoanza siku kwa supu na chapati, tukapata maandazi saa nne na tambi jioni, hatuko tena katika hali yao.

Aliyeihusisha ngano na ugonjwa huu kwa ushahidi ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke. Alikuwa ameishuku ngano tangu miaka ya 1930, na wakati wa njaa kali ya mwaka 1944 hadi 1945, mkate ulipoadimika nchini mwake, watoto waliokuwa wakiugua walipata nafuu. Mkate uliporudi, ugonjwa ukarudi nao. Tasnifu yake ya mwaka 1950 ndiyo msingi wa matibabu tunayoyatumia hadi leo, nayo ni kuacha gluteni kabisa na kwa maisha yote. Hakuna kidonge kinachochukua nafasi ya kuacha huko.

Hatua ya kwanza: endelea kula ngano

Vipimo vya siliaki havitafuti ugonjwa wenyewe moja kwa moja. Hutafuta alama ambazo gluteni imeziacha mwilini. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili ambazo mwili hutengeneza ukiwa unakula gluteni, na kipimo cha kamera hutafuta madhara yaliyopo kwenye utumbo. Mtu akiacha ngano, kingamwili hupungua wiki hadi wiki na utumbo huanza kupona, na hapo majibu yanaweza kutoka safi ilhali ugonjwa upo.

Ndivyo ilivyonipata. Mwenzangu mmoja kazini alinishauri niache vyakula vya ngano, nikaacha, na ndani ya wiki tatu tumbo likatulia kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Nilipokwenda kupima miezi kadhaa baadaye, hakuna aliyeniuliza ninakula nini, damu ikachukuliwa, na nikaambiwa kwamba sina tatizo lolote. Daktari wa pili, katika hospitali nyingine, hata kalamu hakuwa ameishika aliponiuliza: “Mara ya mwisho kula mkate ni lini, dada?” Nilipomjibu, aliliweka pembeni karatasi la majibu yale. Alinirudisha kwenye ngano kwa wiki sita, chapati asubuhi na skonzi jioni, huku tumbo likiuma kila siku, ndipo nikapimwa upya. Wiki zile sita zilikuwa ngumu kuliko miaka yote iliyotangulia, kwa sababu safari hii nilijua ninachojifanyia.

Kwa hiyo, kama bado unakula ngano, endelea kuila katika mlo zaidi ya mmoja kila siku mpaka vipimo vyote vikamilike, pamoja na kile cha kamera. Kama umekwisha kuacha, mwambie daktari bila kuficha, naye atakupangia muda wa kuirudia. Mwongozo unaotumika Uingereza unataka angalau wiki 6. Chapati moja ya kawaida ina zaidi ya gramu 3 za gluteni, hivyo chapati moja na vipande viwili vya mkate kwa siku vinatosha. Mtoto mdogo, mjamzito, au mtu aliyedhoofika sana asirudie ngano kwa uamuzi wake mwenyewe. Huyo apangiwe na daktari.

Hatua ya pili: andika dalili zako, hata zile zisizo za tumbo

Chukua daftari, uandike kwa wiki mbili unachokula na unachokisikia. Dalili zinazojulikana zaidi ni kuharisha kwa muda mrefu, tumbo kujaa gesi, choo chenye mafuta na harufu kali kinachoelea, na kupungua uzito. Hata hivyo, wagonjwa wengi watu wazima hawaharishi kabisa. Baadhi yao hata hufunga choo. Kinachowafikisha hospitali ni upungufu wa damu usiopona kwa vidonge vya kuongeza damu, uchovu wa kudumu, vidonda vya mdomoni vinavyojirudia, ganzi ya miguu, mifupa kuvunjika kwa urahisi, mimba kuharibika mara kwa mara, au kutopata mimba. Upungufu wa damu ndio ninaousisitiza, kwa kuwa kwetu mwanamke akiwa na damu kidogo huambiwa ale matembele na anywe juisi ya rozela, jambo ambalo ni jema, lakini akifanya hivyo miezi sita na damu isipande, ni wajibu wa mtu fulani kuuliza kwa nini.

Kwa mtoto, itazame kadi yake ya kliniki. Mtoto aliyekuwa akipanda vizuri kwenye mstari wake, kisha akaanza kushuka miezi michache baada ya kuanzishiwa uji wenye ngano au biskuti, tumbo likavimba, matako yakasinyaa na akawa mwenye kulialia, anahitaji kuchunguzwa. Nasema achunguzwe, sisemi ana siliaki, kwa sababu utapiamlo na minyoo huleta sura hiyo hiyo.

Ipo pia dalili ya ngozi inayostahili kutajwa peke yake: vipele vidogo vyenye maji, vinavyowasha kwa namna isiyovumilika, vinavyotokea pande zote mbili za mwili kwenye viwiko, magoti na matako. Huo ni ugonjwa wa dermatitisi hepetifomisi, nao ni uso mwingine wa siliaki. Huthibitishwa kwa kukata kipande kidogo cha ngozi pembeni ya kipele, si juu ya kipele chenyewe. Dawa inayotuliza muwasho wake huitwa dapsoni, na kabla hujaimeza omba upimwe kimeng'enya cha G6PD, kwa maana upungufu wake ni wa kawaida katika nchi zenye malaria nyingi, na mwenye upungufu huo akitumia dapsoni chembe zake nyekundu za damu zinaweza kupasuka.

Mwisho, andika magonjwa ya ukoo. Kisukari cha aina ya kwanza na magonjwa ya tezi la shingo yanayotokana na kinga ya mwili huandamana na siliaki mara nyingi zaidi ya inavyotarajiwa, vivyo hivyo hali ya Down, ambayo mtu huzaliwa nayo.

Hatua ya tatu: anza na magonjwa yaliyo ya kawaida kwetu

Si busara kwenda kudai kipimo cha siliaki siku ya kwanza. Anza zahanati au kituo cha afya, upime choo kwa ajili ya minyoo, amiba na jiadia. Jiadia hasa hufanana sana na siliaki, na safura hunyonya damu mpaka mtu akapauka. Pima pia VVU, kichocho, na kifua kikuu kama kuna homa za jioni au kutoka jasho usiku, kwa sababu kifua kikuu hukaa pia tumboni. Pima wingi wa damu, na kama ni mdogo, omba wapime akiba ya madini ya chuma. Watu wazima wengi wa kwetu hawayeyushi vizuri sukari iliyomo katika maziwa mabichi, yaani yasiyogandishwa, hivyo jaribu kuacha maziwa hayo kwa wiki mbili uone kama gesi inapungua. Kuacha maziwa hakuharibu kipimo chochote cha siliaki.

Hayo yote yakitoka safi, au ukatibiwa na hali ikabaki ilivyo, hapo una hoja nzito ya kuomba rufaa. Tunza karatasi zote katika faili moja, kwa mpangilio wa tarehe. Daktari mwenye foleni ndefu humsikiliza zaidi mgonjwa ambaye historia yake inasomeka kwa dakika mbili.

Hatua ya nne: kipimo cha damu

Kipimo cha kuanzia ni kingamwili za tishu transglutaminesi za aina ya IgA, na kwenye fomu ya maabara huandikwa tTG-IgA. Uandike ufupisho huo kwenye karatasi uende nao, kwa kuwa kuutamka mbele ya daktari asiyekutana nao mara kwa mara hupoteza muda. Pamoja nacho omba kipimo cha jumla ya IgA mwilini. Wagonjwa 2 hadi 3 kati ya 100 wa siliaki hawatengenezi IgA ya kutosha, na kwao kipimo cha tTG-IgA hutoka safi kwa uongo. Hao hupimwa kwa kingamwili za aina ya IgG.

Kipimo hiki si cha zahanati. Kwa Dodoma, pa kuulizia ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ambayo wenyeji wengi bado tunaiita Jenerali, na Hospitali ya Benjamin Mkapa iliyo eneo la Chuo Kikuu cha Dodoma. Uliza maswali matatu kabla damu haijatolewa: je, kipimo hufanyika hapo au sampuli husafirishwa, majibu huchukua siku ngapi, na je, bima yako inakilipia au utalipa taslimu. Ukielekezwa Muhimbili, treni ya mwendokasi imeifanya safari ya Dar es Salaam kuwa nyepesi kuliko ilivyokuwa kwa basi, lakini bado piga simu kwanza, uhakikishe kwamba kipimo kinapatikana wiki hiyo.

Majibu yakija, usitosheke na neno “chanya” au “hasi”. Omba namba, pamoja na kiwango cha juu cha kawaida cha maabara hiyo, kwa sababu ukubwa wa namba una maana. Kwa watoto, mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2020 unaruhusu ugonjwa kuthibitishwa bila kamera pale tTG-IgA inapofika mara 10 ya kiwango hicho au zaidi, na kipimo cha pili cha damu, kiitwacho EMA, kikiwa chanya kwa sampuli iliyotolewa siku nyingine. Uamuzi huo ni wa daktari bingwa, na mzazi ana haki ya kuujadili.

Kipimo cha vinasaba kina matumizi finyu. Mtu asiye na DQ2 wala DQ8 karibu hawezi kuwa na siliaki, na hilo linasaidia sana kwa yule aliyekwisha kuacha ngano na hawezi kuirudia. Lakini kuwa navyo hakuthibitishi chochote, maana watu wengi wenye afya njema wanavyo.

Hatua ya tano: kipimo cha kamera

Kamera hii ni mpira mwembamba wenye taa unaopitishwa mdomoni mpaka mwanzo wa utumbo mwembamba. Utatakiwa kukaa bila kula tangu usiku, koo litapuliziwa dawa ya ganzi au utapewa dawa ya usingizi mwepesi, na uende na ndugu wa kukurudisha nyumbani. Kinachotisha ni mawazo ya usiku wa kuamkia siku hiyo. Kipimo chenyewe huisha ndani ya dakika chache.

Jambo la kuzungumza na daktari mapema ni idadi ya vipande vya nyama atakavyochukua. Utumbo wa mgonjwa wa siliaki unaweza kuonekana mzima kwa macho, na madhara yake huwa kama mabaka, hapa yapo na pale hayapo. Kwa sababu hiyo inapendekezwa vichukuliwe angalau vipande 4 kutoka sehemu ya pili ya duodenamu (kipande cha kwanza cha utumbo mwembamba), na kimoja au viwili kutoka mwanzo wake. Wengi hupelekwa kwenye kamera kwa sababu ya vidonda vya tumbo, kipande kikachukuliwa tumboni tu, wakarudi nyumbani wakiamini kwamba utumbo nao umechunguzwa. Sema kwa adabu na kwa uwazi: “Daktari, naomba uchukue na vipande vya duodenamu kwa ajili ya siliaki.” Majibu ya patholojia, yaani ya uchunguzi wa vipande hivyo maabara, hutaja daraja la Marsh, linaloonyesha ukubwa wa madhara; daraja la 3 maana yake vijinyama vimepungua au vimetoweka.

Ikiwa vipimo vyote ni safi na ulikuwa unakula ngano kikamilifu, basi siliaki karibu imeondolewa. Huenda una mzio wa ngano, ambao huja kwa haraka kwa kuwashwa, kuvimba midomo au kubanwa pumzi, au utumbo wako hauivumilii ngano ingawa hauharibiki. Huyo wa mwisho anaweza kupunguza ngano kwa kadiri anavyojisikia, na hahitaji ukali wa yanayofuata.

Hatua ya sita: jiko na mashine ya kusaga

Ukithibitishwa, habari njema ni kwamba unaishi katika kanda ambayo chakula chake cha asili kinakufaa. Mtama, uwele, ulezi, mahindi, mchele, muhogo, viazi, magimbi, kunde, choroko, njugu mawe, karanga, ufuta, alizeti, ubuyu, zabibu, nyama, mayai, dagaa, mlenda mbichi na mlenda mkavu: vyote hivi havina gluteni. Nimewahi kuona watu wakiagiza kwa gharama kubwa unga wa paketi kutoka nje ya nchi ulioandikwa kwamba hauna gluteni, na ndani yake mlikuwa na mchele na mtama, ilhali gunia la mtama lipo Kibaigwa. Sioni sababu ya mgonjwa wa Dodoma kutumia fedha hizo.

Hatari yetu haipo kwenye nafaka. Ipo kwenye uchanganyaji. Kiasi cha gluteni kinachodhaniwa kuwa salama kwa wagonjwa wengi hakizidi miligramu 10 kwa siku. Ile chapati yenye gramu 3, ukiikata vipande 300 vilivyo sawa, kipande kimoja ndicho kikomo chako cha siku nzima. Kipande hicho ni sawa na vumbi linalobaki kwenye kibao cha kusukumia.

Tuanzie na mashine. Ya mtaani kwetu husaga mahindi, mtama na muhogo, na hakuna wiki inayopita bila kina mama kuleta mchanganyiko wa unga wa lishe wenye ngano ndani yake. Nilipogundua kwamba kingamwili zangu hazishuki ingawa chapati niliiacha, nilimwendea mzee anayeiendesha.

“Shikamoo, baba. Naomba leo unisagie mimi kwanza.”

“Marahaba, mwanangu. Una haraka ya wapi?”

Nilimweleza ugonjwa wangu. Hakusema neno. Alizima mota, akafungua kifuniko cha chini, akagonga ubavu wa mashine kwa kipande cha mti, na kwenye turubai ukaanguka unga mweupe wa kujaa kiganja, ambao haukuwa wa mtama wangu wala wa mteja aliyetangulia peke yake. Ulikuwa wa kila mtu. Tangu siku ile huwa nakwenda asubuhi kabla ya wateja, yeye huifagia kwa brashi, na kilo mbili za kwanza za mtama wangu zikishapita naziweka kando kuwa chakula cha kuku. Kingamwili zilianza kushuka. Kama mwenye mashine hatakubali, nunueni mashine ndogo ya umeme kwa pamoja, familia mbili tatu zenye shida moja, au twangeni kwenye kinu ambacho hakijawahi kutwangiwa ngano.

Nafaka yenyewe ipepete na kuichambua kwenye ungo kabla ya kuiosha, kwani magunia hutumika tena na tena, na punje za ngano hubaki kwenye mishono. Unga wa lishe usinunue kabisa ukiwa umechanganywa tayari, hata muuzaji akuapie. Wengi hutia ngano kwa nia njema wakiamini kwamba inaongeza virutubisho. Changanya mwenyewe nyumbani. Bizari na pilipili nazo nunua nzima usage mwenyewe, kwa sababu za kupimiwa zinaweza kuongezwa unga ili zionekane nyingi.

Kama nyumba nzima haitaacha ngano, tenga mwiko, kibao, chekecheo, na sufuria ya kukaangia. Mwiko wa mti una nyufa ambazo maji ya kuosha hayafiki. Pika chakula cha mgonjwa kwanza. Siku ya kupika maandazi, funika kila kitu, maana vumbi la ngano huelea kwa muda mrefu kabla ya kutua. Mafuta yaliyokaangiwa maandazi yasikaangie viazi vya mgonjwa.

Kwenye paketi, maneno ya Kiingereza ya kutafuta ni “wheat”, “barley”, “rye” na “malt”. Neno kimea linahitaji uangalifu: kimea cha mtama au cha uwele kinachotumika kwenye pombe ya kienyeji hakina gluteni, lakini kimea cha viwandani, kile cha bia na cha vinywaji vya unga vya chokoleti, kwa kawaida ni cha shayiri. Mvinyo wa zabibu wa Dodoma hauna gluteni. Oti zenyewe hazina gluteni ya ngano, lakini karibu kila mara huwa zimechanganyika nayo shambani au kiwandani, hivyo ziache mpaka upate zilizothibitishwa. Kiwango cha kimataifa cha bidhaa inayoruhusiwa kuitwa isiyo na gluteni ni miligramu 20 kwa kilo, au chini ya hapo. Soseji, viungo vya mchuzi vya paketi na mchuzi wa soya visome kila unaponunua, kwa sababu viwanda hubadilisha viambato. Dawa za vidonge, mwulize mfamasia.

Hatua ya saba: nje ya nyumba

Mji wetu ni wa mikutano. Katika kila semina huja sambusa, maandazi na keki saa nne, na anayekataa huonekana anajivuna. Mpigie mwandaaji siku moja kabla, umwombe mayai ya kuchemsha, viazi vitamu au magimbi, navyo huwa havimshindi. Kwa mama lishe, swali la kuuliza ni “Mchuzi huu umeutia unga?” na si “Una gluteni?”. Vitumbua na mkate wa kumimina ni vya mchele, bagia ni za kunde au dengu, lakini wapo wanaotia ngano kidogo ili vishikane, kwa hiyo uliza kila mara. Chipsi zinategemea kilichopita kwenye yale mafuta.

Mtoto wa bweni apelekwe na barua ya daktari, na mzazi akutane ana kwa ana na matroni pamoja na mpishi, si mkuu wa shule peke yake. Mpishi ndiye anayejua kilichomo kwenye uji.

Wakristo watauliza kuhusu komunyo. Hostia hutengenezwa kwa ngano. Kanisa Katoliki halikubali hostia isiyo na gluteni kabisa, kama ilivyokumbushwa katika barua ya Vatikani ya mwaka 2017, lakini huruhusu yenye gluteni kidogo sana, na humruhusu mgonjwa kupokea kwa divai peke yake. Zungumza na padre nje ya muda wa ibada, umwombe kikombe chako tofauti, kwa sababu katika kikombe kikuu hudondoshwa kipande cha hostia. Kwa Waanglikana na Walutheri, mchungaji wako ndiye wa kumwendea. Waislamu wataona ugumu zaidi mwezi wa Ramadhani, futari inapokuwa ya pamoja. Meza ya futari ina mihogo, magimbi na ndizi za kutosha, ila pakua kabla kijiko cha tambi hakijaingia kwenye sahani nyingine.

Hatua ya nane: ufuatiliaji, na ndugu wa damu

Tumbo laweza kutulia ndani ya wiki chache, lakini utumbo wa mtu mzima huchukua mwaka, miwili au zaidi kupona. Rudi baada ya miezi 6, kisha baada ya mwaka, upimwe tTG-IgA, wingi wa damu, madini ya chuma, foliki asidi, vitamini B12 na tezi la shingo, halafu iwe mara moja kila mwaka. Maziwa mabichi yakikusumbua mwanzoni, tumia mgando; mara nyingi uvumilivu wa maziwa hurudi utumbo unapopona. Kama hali haibadiliki, tafuta kwanza ngano iliyojificha kabla ya kutafuta ugonjwa mwingine, na usiseme “kidogo hakidhuru” kwa sababu tu hakikuumiza tumbo. Madhara kwenye mifupa na damu huendelea kimya, na siliaki iliyoachwa bila matibabu huongeza uwezekano, ingawa ni mdogo, wa saratani ya limfu kwenye utumbo.

Kisha waite wazazi, watoto na ndugu zako wa tumbo moja. Kati ya ndugu 10 wa karibu kiasi hicho, takribani mmoja huwa na ugonjwa huu, na mara nyingi haumi popote. Nilipomweleza mdogo wangu wa kike, alitaka aanze siku hiyo hiyo kupika kama ninavyopika mimi. Nilimkaribisha mezani nikampakulia ugali wa mtama na mlenda, na nilipomsindikiza kituoni nikamnunulia chapati mbili za kula njiani, kwa sababu damu yake ilikuwa ichukuliwe Jumatatu.